Mstari wa Juu Kabisa

Mimi, Mmoraviani na mwimba kwaya, nilijifunza kupiga ramli ya Kichina jikoni. Babu alisoma matumbo ya kuku tukamwita mshamba. Mimi nikasoma sarafu nikajiona nimeelimika. Nilikuwa mpishi kwenye kambi ya ujenzi wa reli, Igalula, na mwalimu wangu alikuwa mpimaji mzee wa Kichina aliyependa maandazi yangu.

Unarusha sarafu tatu mara sita, na kila mara unachora mstari mmoja, kuanzia chini kwenda juu: mzima au uliokatika. Mistari sita inafanya umbo, na kila umbo lina jina lake. Sarafu zote zikilala upande mmoja, mstari huo unabadilika: mzima unakatika, uliokatika unaungana. "Umbo ni leo," mzee alikuwa akiniambia. "Mstari unaobadilika ndio jibu. Usiuruke."

Mama yangu, kule Goweko, alikataa kuja kwenye harusi yangu kwa sababu niliolewa na Mkatoliki wa Ulyankulu. Miaka minne hatukusemeshana. Siku moja dada yangu akapiga simu: "Mdogo wangu, mama anaumwa. Anakuulizia. Njoo."

Kwenda ilikuwa safari ya asubuhi moja tu. Badala ya kufunga mzigo nikatoa sarafu. Likaja umbo la Kungoja, na mstari wake wa juu kabisa ulikuwa wa kubadilika. Nilimwonyesha mzee karatasi wakati wa chai.

"Huu wa mwisho," akasema, akiugusa kwa kidole. "Kungoja kumekwisha. Nenda leo."

"Mzee, mama yangu humjui."

Ukweli ni kwamba nililipenda jina la lile umbo. Nilitaka mama anipigie mwenyewe, aseme amekosa, ndipo niende. Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni, nikampigia dada nikamwambia nitakuja Jumapili. Kilikuwa kiburi tu, wala si kitu kingine.

Mama alifariki Ijumaa.

Msibani sikumlaumu Mchina wala sarafu, nilijua nilichosoma. Dada hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia tu kwamba siku zile za mwisho macho ya mama yalikuwa hayaoni vizuri, na kila mwanamke aliyeingia chumbani, hata kabla hajaamkia, mama alikuwa akiwahi kusema: "Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu umemwacha wapi?"