Siku Niliyomwona Mama Mkwe Akianguka

Mwanangu, umenipigia simu kutoka Kitale nikueleze tofauti ya "see" na "look", kwa kuwa eti mimi mzee wako nilifundisha Kiingereza. Darasani nilikuwa najibu bila kufikiri: "see" ni kitu kujiingilia chenyewe machoni, "look" ni wewe kukusudia kukitazama. Watoto waliitikia, nami nikajiona bingwa. Lakini ipo siku moja ambayo nikiikumbuka nachanganyikiwa upya.

Nilikuwa kijana, nimemchumbia Nekesa wa huku Bungoma, nampenda hadi chakula hakishuki. Mila yetu unaijua: mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Niliogopa kwamba nikikosea hapo tu, Nekesa nimemkosa.

Basi nikienda kwao, mvua imetoka kunyesha, nikamwona mama mkwe akija na kikapu cha viazi vitamu kichwani. Kabla sijapisha akateleza, chini pu! Viazi vikatawanyika. Nikimwinua, nimemgusa. Nikisimama, namtazama. Nikiondoka, nimemwacha matopeni. Nilienda mbele, nikarudi nyuma, mwishowe nikageuza uso nikajitosa kwenye shamba la mahindi.

Nyumbani nikamsimulia nyanya yangu, kukhu tulivyomwita, nikitarajia sifa. Akaacha kuchambua mboga.

"Ati ulimuona ameanguka?"

"Nilimuona, kukhu."

"Na hukuangalia kama ameumia?"

"Si ni mama mkwe, kukhu! Ningeangalia aje?"

"Ungeita mtu, bana! Ungepiga nduru! Ama hata mdomo umekatazwa?"

Nilishikwa na aibu. Kesho yake Nekesa akaniletea habari kwamba mama yake ananisifu kwa majirani, hajapata kuona kijana mwenye heshima kama mimi. Nimwamini nani, nyanya anayenigombeza, au yule aliyeanguka mwenyewe, anayenisifu? Sijui hadi leo, nakwambia kweli.

Nekesa nilimwoa. Siku ya harusi mama yake alipita kwa mbali, nami nimeinamisha uso inavyotakiwa, nikasikia wanawake wakimwambia, "Pole pole, mama, usikanyagie huo mguu." Alichechemea hadi alipofariki. Miaka yote hiyo sikuruhusiwa kuutazama mguu wenyewe, na iliniuma.

Kwa hiyo mwalimu wako mjibu kama vitabu vinavyosema, upate alama zako. Lakini wewe, mwanangu, ukimwona mtu yuko chini, mtazame kwanza ujue ameumia wapi. Kama kuna sababu ya kutomkaribia, paza sauti aje mwingine. Heshima mtaipanga baadaye, akishasimama. Mungu akulinde huko uliko, na siku utakayoanguka wewe, akuletee mtu wa kukutazama.