Sanduku la Chaja Lililonyimwa Pumzi

Saa nne asubuhi Fundi Bayumi Shalabi amepiga magoti sakafuni, sikio kaliweka kwenye sanduku la mbao kama mkunga anayetafuta mapigo ya mtoto. Anainuka. Anafagia pale alipofagia sasa hivi. Anapiga magoti tena.

"Bado linahema," anasema.

"Fundi, kaa chini, unanitia kizunguzungu," anajibu Hazem Wagdi, daktari wa meno anayeshindanisha magari ya rimoti kila Ijumaa.

Kwa miaka thelathini na nane Bayumi, 61, ametengeneza masanduku ya kubebea udi, ala ya muziki ya nyuzi, hapa Mtaa wa Muhammad Ali, Kairo. Zamani aliuza hamsini kwa mwaka. Mwaka jana yalitoka saba tu. Wapigaji siku hizi wanabeba udi kwenye mifuko ya nguo, "kama wametoka sokoni na vitunguu," analalamika.

Mwezi uliopita Hazem akaja na ombi geni: sanduku la kubebea chaja ya betri za magari yake, pamoja na mashine inayopunguza makali ya umeme wa ukutani kabla haujafika kwenye chaja. Alichoka kuzibeba kwenye mfuko wa plastiki, nyaya zinaning'inia kama tambi. Wenzake kumi na mmoja wa klabu wakasema likifaa, na wao wataagiza.

Bayumi akafanya anavyojua. Udi hautakiwi kutikisika, basi akazibana mashine zote mbili kwa sponji, akazivalisha mahameli nyekundu kila upande, mpaka kwenye mdomo wa feni.

"Lilikuwa zuri, wallahi. Bibi harusi angelala humo."

Siku ya mashindano, dakika ya tisa, mashine ikapata joto ikajizima. Hazem akarudi nyumbani na gari lake kwapani kama kuku wa kununua.

"Wenzangu wananiuliza, huo udi wako unapiga wimbo gani?" anasema. Bayumi hacheki.

Hacheki kwa sababu mkwe wake, muuza matairi wa mji wa Giza, amemtaka aache mbao akasimamie ghala. Jibu linatakiwa leo. Mkewe, Nagat, anapiga simu kwa mara ya tatu.

"Bayumi, mkweo anauliza, kesho unaenda au huendi?"

"Mwambie niko kwenye operesheni."

"Operesheni ya nani?"

"Yangu!"

Sanduku jipya lina mashine ya umeme chini na chaja juu. Hewa inaingia upande huu, joto linatoka upande ule. Betri inachajiwa nje, kwenye mfuko usioshika moto. Hazem ameleta betri kubwa, tupu kabisa, ya kulijaribia.

Kulitoboa ndiko kulikomtesa Bayumi. "Sanduku zima, eti nilitoboe! Mkono ulikataa siku mbili. Halafu nikakumbuka, udi wenyewe si una tundu kifuani?" Kwa hiyo matundu ameyachonga kama lile ua linalochongwa kwenye tundu la udi, moja kila ubavu.

Dakika ya tisa inapita. Bayumi anachemsha chai, anaisahau, anachemsha nyingine. Anakung'uta msasa usio na vumbi.

Dakika ya hamsini na mbili feni inanyamaza.

Bayumi anashika kichwa. "Limekufa?"

Hazem anainama, anasoma kioo cha chaja, anakohoa, anafuta miwani.

"Sema basi, we mtu!"

"Imeshiba, Fundi. Betri imejaa."

"Mungu akusamehe! Na meno ya watu unayang'oa hivi hivi?"

Hazem anagusa ubavu wa sanduku. Vuguvugu tu. Anapiga picha lile ua, anaituma klabuni, na oda za wenzake zinaanza kuingia kabla hajalifunga sanduku. Halafu analinyanyua, anaguna, anasema ni zito.

Simu inalia mara ya nne. Bayumi anaiwahi.

"Nagat, mwambie mkwe siendi. Ila muulize, magurudumu madogo kabisa aliyonayo yana ukubwa gani? Haya kumi na moja yanayofuata nataka yatembee."