Kilio cha Mtani Karakanani

Miaka ile ya sabini nilikuwa karani wa ustawi katika karakana moja ya malori pale Mbeya, binti mbichi kutoka kozi, na kazi niliyopewa ilikuwa kuwashawishi mafundi waende hospitali kupimwa kifua. Nikachora bango kwa rangi nyekundu: MFANYAKAZI MWENYE AFYA NI NGUZO YA TAIFA. Wakalitundikia makoti. Nikahutubia kwa kipaza sauti. Wakanipigia makofi ya nguvu, wakarudi kwenye injini zao. Hakwenda hata mmoja.

Sababu niliijua. Ukionekana unapanda gari la hospitali, kufika jioni mtaa mzima wa Mwanjelwa umeshakutangaza una kifua kikuu. Lakini aliyeninyima usingizi ni mmoja tu, fundi mkuu, mzee wa Kihehe aliyenipokea kama mwanawe. Alikuwa akikohoa mpaka anashikilia bodi ya lori asianguke. Nikimsihi, jibu lake moja: "Moshi wa dizeli huo, mwanangu."

Aliyemweza ni mtunza stoo, Mngoni, mtani wake, maana Wahehe na Wangoni hutaniana. Asubuhi moja alikuja amejifunga khanga ya mkewe, akajibwaga chini mbele ya mzee na kuangua kilio, kama watani wafanyavyo msibani.

"Yoo, mtani wangu kafa! Koti nachukua mimi! Baiskeli nachukua mimi! Mjane tutakaa kikao!"

Karakana nzima ikavunjika mbavu. Na mtani hakasirikiwi. Akalia asubuhi, akalia saa ya chai, kesho yake akaja na kilio kipya. Mficha maradhi kilio humfichua, wanasema. Huyu kilio kilimtangulia. Mwishowe mzee akatupa spana: "Haya, twende nikazime kelele zako!" Mafundi nao wakajaa nyuma ya gari, eti wanamsindikiza marehemu. Bango langu halikuwahi kuheshimiwa hivyo, nami nikanuna.

Majibu yalipotoka, mzee alitueleza mwenyewe. Ni kifua kikuu, na alitakiwa kulazwa siku hiyohiyo, kwa miezi. Mtunza stoo alisimama mlangoni pa stoo yake.

Mzee akavaa koti, akamsogelea.

"Mbona kimya, mtani? Ulikuwa unalia bure. Leo nimekupa sababu, hulii?"

Ndipo Mngoni yule akalia kweli, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.