Kinu Kilichofudikizwa

Tulikuwa wanne jikoni siku ile: mimi, binti yangu Sauda, anayesuka nywele Rosettenville, mwanawe Zuhura, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg na ananiita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, na Mama Yusuf, mjane wa Kipalestina aliyepanga chumba cha nyuma katika nyumba yetu ya La Rochelle. Kinu changu kilikuwa pembeni, kimefudikizwa. Mdogo wangu Mwamini alikuwa amefariki kule kwetu Kasongo, Kongo, nami nilikuwa nafuata ya kwetu.

Ya kwetu ni haya, ndugu yangu. Mtaani kwetu kila uwanja ulikuwa na kinu, na kila kinu kilikuwa na sauti yake. Jioni mama zetu wakitwanga sombe, majani ya muhogo, sisi watoto tulijua nani anapika bila kuchungulia. Cha Bibi Mwajuma mkunga kilikohoa kama mzee. Cha Mama Shabani muuza mawese kilikwenda mbio, mpaka mama anasema, "Huyo anakimbizwa na nani?" Cha bibi yangu kilikuwa na ufa, kikalia mara mbili kwa pigo moja. Harufu ya majani mabichi ilitukuta njiani na ndoo za maji kichwani, tukaongeza mwendo.

Nyumba ikifiwa, kinu chake kinafudikizwa, na majirani ndio wanaowatwangia wafiwa. Arobaini ikifika, mwenyewe hakigusi. Jirani anakuja, anakisimamisha, anapiga pigo la kwanza. Bibi alinieleza kwamba ukiachiwa mwenyewe utakiacha hivyo mpaka ufe.

Vita vilipotukaribia, tulifunga mizigo asubuhi moja. Bibi akatoka uwanjani akakifudikiza kinu. Mama akamwambia, "Mama, hakuna aliyekufa." Bibi akasema, "Beba mtoto, twende." Tulipopita njiani niliona kila uwanja vinu vimelala kifudifudi, na majirani wote wako barabarani pamoja nasi. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiwaza: sasa nani atavisimamisha?

Mwamini peke yake ndiye aliyerudi, ukubwani. Akanisimulia kwa simu kwamba nyumba zina watu wasiotujua, vinu havipo, na sombe inasagwa kwa mashine. Basi kila Jumapili tukawa tunaupita ule mtaa kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Nikikosea ananicheka: "Dada, umemhamisha mtu bila ruhusa yake." Nami nikimkamata yeye, simwachii.

Sasa siku ile Mama Yusuf alikuja kunipa pole na kahawa aliyoikaanga mwenyewe, na iliki. Akaona kinu, akadhani nimekiosha nikakigeuza kikauke. Akakisimamisha, akamimina kahawa yake ndani.

"Mama, arobaini bado," Sauda akaninong'oneza.

"Mwache. Si ni jirani?"

Akatwanga. Hakutwanga kama sisi. Alipiga ndani, akagonga ukingo, akapiga tena, kama mtu anayebisha hodi na kuimba. Zuhura akatufasiria Kiingereza chake: baba yake Mama Yusuf ndiye aliyetwanga hivyo katika mji wao, kila nyumba na mdundo wake, na jirani akisikia anakuja kunywa bila kuitwa. Mji wenyewe ulichukuliwa, nyumba zikabomolewa, mizeituni ikang'olewa. Mama Yusuf akaanza kuzitaja nyumba kutoka chemchemi kupanda hadi msikitini, huku anatwanga, na hakusita hata mara moja.

Kisha akanitazama. "Eish, gogo," Zuhura akasema, "anauliza, na kwenu je?"

Nikaanza kutoka mtoni. Bibi Mwajuma. Mama Shabani. Sisi. Mzee Ramazani fundi cherehani. Halafu Mama Asina na Mama Tausi, na hapo nikakwama: nani alikuwa karibu na kisima? Mkono ukaenda kwenye simu wenyewe, nimpigie Mwamini. Sauda akaona, akageuza uso. Nikairudisha mezani. Kahawa ilikuwa chungu, tukainywa.

Tangu hapo nausikiliza ule mtaa peke yangu. Nimeamua Mama Asina alitangulia, na Mama Tausi ndiye wa kisimani. Mwamini angebisha, najua. Basi kama wewe nawe ulikulia pale, na kama nimewageuza, nikosoe. Usinionee haya kwa uzee wangu. Ukinikosoa nitajua kwamba kuna mwingine bado anavisikia vile vinu.