Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Dalali alituambia tufungue madirisha. Ilikuwa Desemba huku Ilford kwa Waingereza, barafu imeganda kwenye vioo vya magari barabara nzima, na yeye amesimama ukumbini kwetu na viatu vyake vilivyochongoka, hana hata soksi, anataka madirisha yafunguliwe ili harufu ya samaki itoke kabla wateja hawajafika. Mume wangu alikuwa amevaa koti, ndani ya koti sweta, ndani ya sweta fulana mbili. Nilimtazama yule kijana nikasema moyoni, huyu hana mama.

Masharti yake hayakuishia hapo. Tusikaange, tusifukize udi. Picha za ukoo zishuke ukutani, miswala ikunjwe itiwe kabatini, taa ziwashwe hata mchana. Nyumba tuliyoishi tangu binti yetu hajazaliwa ilitakiwa ionekane kama kwamba hakuna aliyepata kuishi ndani yake. Niliyafanya yote huku nikinung'unika, isipokuwa la udi. Mimi sijui kupokea wageni katika nyumba isiyonukia.

Tulikuwa tunauza kwa sababu moja tu. Mume wangu alikuwa mgonjwa wa kifua, na kila baridi ilipoingia kifua kilizidi kumbana. Miaka mingi alikuwa amewakatia watu tiketi katika stesheni za treni za chini ya ardhi, akastaafu, na kitu alichobaki kukitaka duniani ni kwenda kukaa kwa dada yake kule kwetu kisiwani, Chake Chake, atoe kiti nje asubuhi aote jua. Si mtu wa maneno mengi, lakini hilo alilisema kila siku. "Tukiuza tu, bibie, baridi nyingine haitukuti hapa." Nami nilimwamini, nikaanza kugawa mablanketi.

Kilichotusumbua ni ukuta. Katika chumba cha nyuma, alichokuwa akilala binti yetu kabla hajaolewa na kuhamia Hounslow, upande wa pili wa jiji, ukuta wa upande wa nje ulikuwa unalowa kila msimu wa baridi. Nimeusugua, nimeupaka dawa, tumeita mafundi wakapaka rangi juu ya rangi. Ikifika Novemba kuvu jeusi linarudi kwenye kona yake kama mwenye nyumba. Dalali aliutazama mara moja akasema tusogeze kabati pale mbele. Tukalisogeza. Kazi yake alikuwa anaijua.

Lakini mume wangu naye alikuwa anaijua dini yake. Mteja wa kwanza alipokuja, alimkaribisha, akamnywesha chai ya iliki, akamtembeza juu na chini, kisha akampeleka chumba cha nyuma, akalisukuma kabati huku anahema, akamwonyesha ukuta kwa Kiingereza chake cha stesheni. Hapa panalowa, bwana, usije ukasema hukuambiwa. Yule bwana alishukuru sana na hakurudi. Wa pili naye alishukuru.

Dalali akamshitaki kwa binti yetu. Sisi tunasema na binti yetu Kiswahili, yeye anatujibu Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Siku hiyo alimweleza baba yake kwenye simu kwamba katika nchi hii mnunuzi huja na mkaguzi wake mwenyewe, na muuzaji hana haja ya kujichongea.

"Mkaguzi ni wa kwao," mume wangu akamjibu. "Mie sitaulizwa na mkaguzi, nitaulizwa na Mola wangu. Unauza kitu kina aibu, itaje. Ukiificha, hiyo pesa haina baraka."

Alipokata simu nikamuuliza, "Na jua la Chake?"

"Jua litaningoja."

"Jua halimngoji mtu," nikamwambia, nikaenda zangu jikoni kugonganisha vyombo. Nilikuwa nimekasirika, na wakati huohuo najua kuwa mwanamume aliyenioa ndiye huyo, na angekuwa mwingine nisingemtaka.

Kisha wakaja mtu na mkewe, vijana, mke na mimba changa. Hao walikula visheti vyangu mpaka sahani ikabaki tupu. Walionyeshwa ukuta kama wengine. Mume akaugonga-gonga kwa vidole, mke akamwambia mzee ahsante, na baada ya siku chache wakasema wataichukua. Jioni ile mume wangu alimpigia dada yake akamwambia aanze kusafisha chumba.

Kumbe kuuza nyumba huku ni kusimama kwenye foleni. Wale vijana walikuwa wanamngoja wa kununua nyumba yao, na huyo naye anamngoja wake, na huko mwisho kabisa kuna mtu tusiyemjua akabadili mawazo. Foleni nzima ikasimama. Januari ikaingia, theluji ikaanguka, na boila yetu, mtambo wa kupasha nyumba joto, ikafa. Fundi alisema atakuja Alhamisi. Alhamisi alikuja, akafungua, akafunga, akasema kuna kifaa inabidi kiagizwe. Tukahamia jikoni tukaacha mlango wa oveni wazi. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yake na koti na kofia, anakohoa, anavuta pumzi, anakohoa tena.

Binti yetu alikuja na gari kutuchukua tukakae kwake Hounslow mpaka boila itengenezwe. Nilishafunga mkoba. Baba yake akakataa. Dalali alikuwa amesema huenda akaleta wateja wengine wiki ile, ikiwa wale vijana watashindwa.

"Dalali ana ufunguo," nikamwambia. "Atawafungulia mwenyewe."

"Na ukuta nani atawaonyesha?"

Hatukumtoa. Siku ya tatu pumzi ilimkatika kabla ya alfajiri, gari la wagonjwa likaja, na hospitali hawakuweza kumrudisha. Kifaa cha boila kilifika tulipokuwa kwenye matanga.

Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Nilikaa sebuleni na wenzangu tukisoma, na kaburi la mume wangu nililijua kwa maneno ya mkwe wangu tu. Nilimuuliza palivyokuwa. Akaniambia udongo ulikuwa mgumu juu, lakini chini walikuta maji kidogo. Nadhani alijuta hapohapo kulisema. Mtu aliyekimbia ukuta uliolowa, tumemlaza ndani ya maji ya Januari. Usingizi ulinihama tangu siku ile.

Nikakaa eda, ndani, na nguo zangu nyeupe, sionani na wanaume wa kando. Ilikuwa bado haijesha dalali alipopiga simu kwamba foleni imefunguka, na wale vijana wanataka kuja kuitazama nyumba kwa mara ya mwisho. Binti yetu alikuja kuwapokea. Mimi nilijifungia chumba cha nyuma, nikakaa kitandani nikitazamana na kabati.

Niliwasikia wakipanda ngazi. Nilimsikia yule mke akiulizia ule ukuta, na dalali akimjibu kwa sauti nyepesi kwamba umeshatengenezwa.

Haukutengenezwa. Nilikuwa nao hapo, naisikia harufu yake. Hakuna aliyeniuliza mimi chochote. Ningenyamaza dakika tano tu, nyumba ingeuzwa, ningekwenda kwenye jua. Niligonga mlango kwa ndani. Binti yangu akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Waambie haujapona," nikasema.

Akanijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo halifanyi. "Mama, unataka kwenda au hutaki?"

"Waambie."

Akatoka akawaambia. Kisha yule mke akabisha hodi, akaingia peke yake, tumbo sasa kubwa, akaniuliza yuko wapi yule mzee. Nilipomwambia aliketi pembeni yangu akalia, na mimi ambaye nilikuwa nimewaliza watu matanga mazima nikajikuta namfuta machozi mgeni.

Waliinunua, wakapunguza bei kwa ajili ya ukuta, na haki yao. Dalali alinipongeza.

Eda ilipokwisha binti yangu alinipeleka makaburini. Ilikuwa imenyesha. Nilichutama, nikamwambia mume wangu kwamba tumeuza, na kwamba ukuta niliwaonyesha. Niliweka kiganja juu ya udongo, na maji yakapanda katikati ya vidole vyangu. Niliinuka nikijua kuwa tiketi ya Chake sitaikata.

Nimekodi chumba hapahapa Ilford, basi moja tu mpaka makaburini. Wifi yangu ananipigia kutoka Chake kila Ijumaa. Chumba amekisafisha, na kiti kiko nje, ananiuliza nitakuja lini. Huwa namwambia baridi ikiisha. Ijumaa iliyopita aliniambia kwa upole kuwa sasa ni Juni, na huko kwenu baridi imeshakwisha.