Bibi Mwenye Nyumba Alipocheza Gemu ya Kumi na Nane

Mama mwenye mvi amekaa kwenye kiti changu cha gemu, hedifoni masikioni, padi ya kuchezea mkononi. Nyuma yake amesimama mwanaume mzima, tai shingoni, anamwomba aizime.

"Mama, zima. Nakuomba, zima."

Mama wala hageuki.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkadhani nilimlazimisha.

Nina chumba cha gemu. Kompyuta sita, mapazia ya kukinga jua, na feni moja inayolalamika kuliko wateja. Mtaani wananiita Bi Kufuli, nami sijakataa. Kila gemu ina namba ya umri kwenye kasha, na mimi naifuata. Una miaka tisa, kumi na nane huigusi. Lia, gaagaa, mlete mjomba wako. Huigusi.

Jambo la pili linalowaudhi watu: mashine zangu zote zinatumia Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, ndiyo, na nimeuchagua mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu. Wapenzi wa Windows mnaojiandaa kunicheka kwenye maoni, karibuni, nafasi ipo.

Sasa yule wa tai. Anauza magari, na ni mtoto wa mwenye nyumba wangu. Binti yake wa miaka tisa alikuwa akija kwangu akitoka shule, anacheza gemu ya kulima shamba na kufuga bata. Kwenye kasha imeandikwa saba. Mtoto mtulivu, akifika anasalimia, anakaa zake.

Siku moja baba akaingia bila hodi.

"Dada, hivi mwanangu unamchukuliaje?"

"Kivipi, kaka?"

"Anaongoza darasa zima. Nyumbani anacheza gemu ya kumi na nane, ile ya kasha jeusi, nimemnunulia mwenyewe, zawadi ya ushindi. Wewe unamrudisha saba?"

Nikadhani ananitania. Nikamtazama usoni, hana utani hata kidogo.

Jamani, yule baba alidhani namba ile ni ya ugumu. Kwenye magari yake, injini yenye namba kubwa ndiyo injini ya maana, basi akajua na gemu ni hivyohivyo. Mtoto hodari apewe namba ya juu.

"Kaka, hiyo ni namba ya umri. Mle ndani watu wanachinjana."

"Usinizungushe. Sema tu mashine zako za bure haziwezi kuibeba."

Hapo akanigusa pabaya.

"Zinaibeba. Ipo humu, nimeifunga. Na simfungulii mtoto."

"Utafungua, au utahama. Nyumba hii ni ya mama yangu."

"Mlete mama yako."

Najua, mpangaji hasemi hivyo. Chumba hiki ndicho kinachotulisha mimi na wadogo zangu. Lakini nikimfungulia mmoja kwa sababu baba yake ana sauti, yule wa pili nitamwambia nini?

Kesho yake mchana wakaja wote: baba, bibi na binti katikati. Bibi akatusikiliza, hakuegemea upande wowote. Kisha akavua kandambili, akakaa kwenye kiti.

"Imeandikwa kumi na nane, si ndiyo? Mimi nimeipita zamani sana. Hebu nionyesheni."

Binti nikamweka nje ya pazia. Sheria ni sheria, hata kwa mjukuu wa mwenye nyumba.

Bibi akaanza kucheza. Akagonga kuta, akazunguka palepale, akacheka mwenyewe. Halafu akaingia chumba fulani chenye kitanda. Chini ya kitanda akatoka mwanaume aliyefunikwa uso na gunia, shoka mkononi.

Kicheko kikakatika.

Yule baba naye akaona kwa mara ya kwanza kile alichokinunua. Hapo ndipo alipoanza kuomba izimwe. Bibi akaendelea kumtazama yule wa gunia mpaka alipomaliza kazi yake. Ndipo akavua hedifoni.

"Huyu namjua," akasema. "Mjukuu wangu humtaja kila akinikimbilia kitandani. Mtu wa gunia. Tumemwombea mtoto, tumehamisha kitanda, tumeng'oa mpaka milango ya kabati. Kumbe umemleta wewe."

Baba akanyoosha mkono, akaizima gemu mwenyewe.

Bibi akamwita binti. "Mbona hukusema, mama?"

Mtoto akainama, anachezea vidole.

"Baba alisema ni ya walioshinda. Nikisema naogopa, ataona sijashinda." Kisha akaongeza: "Huku nakuja kwa sababu ya bata."

Nilitamani kulia, na nilitamani kumzaba mtu kibao. Sikufanya lolote. Baba akapiga magoti pale sakafuni, tai na yote, akamkumbatia mwanawe.

Kuhama? Bibi alipotoka alisema tu feni hiyo niibadilishe, inatia kichaa.

Jioni baba akaniita kwake nikaitoe ile gemu. Kompyuta yake ni ya Windows, na hapa nasema haki: kufuli ya watoto, ya kuzuia gemu zisizo za umri wao, ilikuwemo humohumo, bure kabisa, tangu siku aliyoinunua. Hakuna aliyewahi kuigusa. Nikaitoa gemu, nikaiwasha kufuli palepale. Sikumwambia ahamie Linux, na hakuniomba.

Kwa hiyo bishaneni kuhusu mifumo mpaka mchoke, mimi nina wangu. Ila mwanao akichagua namba ndogo, muulize yeye kwa nini kabla hujanijia juu mimi. Na ukiona kufuli zangu zinakuudhi, pita mbele. Mtoto muache hapa.