Siku Tuliyowaachia Siafu Nyumba

Mafuriko yalipopungua hapa Katoro, tulikomba tope ndani kwa sepetu. Choo cha nyuma kilikuwa kimefurika, na harufu yake iligoma kutoka. Ndipo wadudu wakaja. Mende walitoka shimoni wakahamia jikoni. Panya waliokimbia maji mashambani walipanda darini, wakashuka kwenye gunia la mchele. Nilipuliza dawa mpaka watoto wakakohoa, nikatega mitego. Nikawa sikai. Nikipika nageuka nyuma, nikivaa gauni nalikung'uta mara tatu. Kikikwaruza kitu, naacha mwiko na kwenda kuchungulia.

Mume wangu alikuwa machimboni, hurudi Jumamosi. Mama yake alikuja kutoka Ushirombo kunisaidia usafi. Hatukuwa tumezoeana, asubuhi shikamoo, marahaba, basi.

Asubuhi moja nikaona mstari mweusi ukipita chini ya mlango wa nyuma. Siafu. Nikakimbilia majivu ya moto na mafuta ya taa.

"Weka chini," akasema mama mkwe.

"Mama, wanaingia ndani!"

"Waache waingie. Toa watoto, toa chakula, tukakae nje. Watakufanyia kazi iliyokushinda."

Sikumwamini, ila kumbishia sikuthubutu. Tukatoa magodoro na gunia, tukaketi na watoto kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Yeye akaanza kuchambua maharage. Mimi nikawa naizunguka nyumba. Dirishani niliona ukuta mzima ukitembea. Mende walidondoka kutoka darini wakiwa wamefunikwa na siafu. Panya mmoja alilia kidogo, akanyamaza.

"Kaa, mwanangu, unanichosha macho."

Nikakaa. Nikasimama tena.

"Kuku!" nikapiga kelele. Kuku wangu alikuwa anaatamia kwenye karai chini ya kitanda.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponishika mkono. "Wewe hapana. Hali yako hairuhusu."

Nikaduwaa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Yeye alikwisha kukunja kanga juu ya magoti na kuzama ndani. Alitoka akirukaruka, kuku kamning'iniza mbali na mwili, huku akiwatukana siafu kwa Kisumbwa. Watoto walicheka mpaka wakajishika matumbo.

Nilimpeleka nyuma ya ukuta, akavua blauzi, nikaanza kumng'oa siafu mgongoni mmoja mmoja. Vichwa vilibaki vimeng'ata.

"Miezi mingapi?" akaniuliza.

"Mitatu."

"Na mwenye nyumba hajui?"

"Nilitaka nyumba ikauke kwanza, mama."

Alinyoosha mkono nyuma, akanipapasa goti. Nikajikuta nalia, na vidole vyangu vikiendelea kung'oa.

Siafu waliondoka alasiri kwa njia ileile waliyoingilia. Nilifagia mabawa ya mende yakajaa beleshi. Kuku alikataa kabisa kurudi kwenye mayai yake.

Jumamosi mume wangu aliporudi, mama alimsimulia habari za siafu tu. Hiyo nyingine aliniachia mimi. Nilizunguka nayo Jumamosi yote na Jumapili, nikafua hata nguo zilizo safi. Nilimwambia Jumatatu alfajiri, ameshapanda bodaboda na dereva ameshawasha. Akashuka.

Panya walirudi kabla mwezi haujaisha, safari hii kupitia paani.